Nia Peke Yake Haimkingi Mtoto

Leo tunazungumzia jambo linalotupata wengi: kutaka kufanya jambo jema, kisha siku zinapita bila kulifanya.

Chukua mfano wa mama anayeishi Kangemi na kufanya kazi ya yaya katika nyumba moja ya Spring Valley. Hutoka kwake alfajiri, akarudi jioni. Mtoto wake ana miezi 20, na chanjo ya miezi 18 bado hajapata. Si kwamba mama hataki. Kila Jumapili husema, "Wiki hii nitampeleka." Ijumaa hufika kabla hajampeleka.

Lakini mama huyo huyo humpeleka mtoto wa mwajiri wake kliniki bila kuchelewa hata siku moja. Je, anampenda huyo kuliko wake? La hasha! Tarehe ya mtoto yule imeandikwa kwenye kalenda jikoni, nauli imetengwa, na siku hiyo kazi nyingine husubiri. Tarehe ya mtoto wake imekaa moyoni tu.

Chanjo yenyewe ni ya surua na rubela. Hapa Kenya mtoto huipata mara mbili, akiwa na miezi 9 na miezi 18. Baada ya ile ya kwanza, watoto wapatao 85 kati ya 100 hupata kinga ya surua. Wale 15 waliobaki huwezi kuwatambua kwa macho. Chanjo ya pili ndiyo inayowafikia. Na surua si upele tu: huweza kuleta nimonia, upofu, hata kifo.

Utafiti uliofanywa Siaya na kuchapishwa mwaka wa 2017 unatufunza jambo. Kati ya watoto ambao walezi wao hawakupewa msaada wowote wa ziada, 82 kati ya 100 walikuwa wamekamilisha chanjo walipofikisha mwaka mmoja. Walezi walipokumbushwa kwa ujumbe wa simu, na kupewa shilingi 200 kila mtoto alipochanjwa kwa wakati, idadi ilifika 90. Ukumbusho na pesa kidogo viliisaidia nia kufika kliniki.

Basi mama, fanya hivi leo:

Kwanza, fungua kijitabu cha Mama na Mtoto, utazame chanjo iliyobaki.

Pili, uliza kituo cha afya kilicho karibu huchanja siku gani.

Tatu, usiseme "wiki hii". Sema, "Jumanne, mtoto akishakunywa uji, tunaondoka."

Nne, omba ruhusa kazini mapema, na utenge nauli. Chanjo yenyewe hulipii katika vituo vya serikali.

Tano, mwambie baba, jirani au dada akukumbushe jioni ya kuamkia siku hiyo.

Umechelewa? Usione haya, mpeleke. Aliyepitisha miezi 18 bado huchanjwa.

Nawe uliyemwajiri yaya, muulize tarehe ya mtoto wake. Iandike kwenye kalenda ile ile, kando ya tarehe ya mtoto wako, na siku hiyo umpe ruhusa.