Mlango Mmoja wa Kutokea: Jinsi Kompyuta Zinavyotuma Habari Nje

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Kasulu na Kibondo

Natumaini kila darasa limekwisha kukaa, redio inasikika vizuri, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake.

Leo tutajifunza namna kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja zinavyotumia mlango mmoja kutuma habari nje. Kazi ya kuandika amri zake ni ya fundi. Lakini majina yaliyomo ndani ya kompyuta hizo ni yetu, magonjwa yaliyoandikwa humo ni yetu, na fedha zinazohesabiwa humo ni zetu. Kwa hiyo yatupasa kujua habari zetu zinatoka kwa njia gani, na nani anaulinda mlango.

SANDUKU LA BARUA

Tuanze na jambo tunalolijua. Kwa miaka mingi katika nchi yetu barua hazikupelekwa nyumba kwa nyumba. Mtu aliandika namba ya sanduku la posta, yaani S.L.P. Asiyekuwa na sanduku lake alitumia la shule, au la misheni, au la mwajiri wake. Wazee wa Buha wanalijua jambo hili. Wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika la kuandika vibarua, likiitwa SILABU, mwaka 1944, na watu wengi wa Kasulu na Kibondo walikwenda mkongeni kwa njia hiyo. Mtu akiwa mbali namna ile, barua yake ilihitaji kupita mikononi mwa mwenye sanduku.

Tazameni mambo matatu katika desturi hii. Kwanza, mtu wa mbali huiona namba ya sanduku tu. Nyumba ya mwandishi haijui. Pili, mwenye sanduku anajua barua ngapi zimetoka, siku gani, na zimekwenda kwa nani. Tatu, barua ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, mwenye sanduku husoma anwani, lakini yaliyoandikwa ndani hayaoni.

Kompyuta nazo hufanya vivyo hivyo. Iko kompyuta ambayo kazi yake ni kupokea maombi ya wenzake na kuyapeleka nje kwa niaba yao. Jibu hurudi kwake, naye humpa yule aliyeuliza. Kompyuta hiyo huitwa proksi. Wengine huiita seva wakala. Andikeni neno hilo: PRO-KSI.

KONTENA NA MSHIKA USUKANI

Sasa tuwatazame wanaotuma barua. Wengi wenu mmeona makontena ya chuma yapakiwayo juu ya malori. Mzigo wowote ukiisha kufungwa ndani ya kontena, lori lolote la kontena laweza kuuchukua. Mafundi wa kompyuta waliliazima jina hilo. Hufunga programu moja pamoja na vitu vyote inavyohitaji, wakaiita kontena. Kontena hiyo yaweza kuwekwa katika kompyuta hii au ile, nayo itafanya kazi sawasawa.

Kompyuta kadhaa zilizounganishwa ili kubeba makontena mengi huitwa klasta. Lakini nani ataamua kontena hii ikae kompyuta ipi, na ikianguka nani ataiinua? Iko programu ya kazi hiyo, iitwayo Kubernetes, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014. Jina lake limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni mshika usukani wa chombo. Watu wa Ziwa Tanganyika wataelewa upesi: mizigo ni mingi, chombo ni kimoja, na mshika usukani ndiye anayejua wapi pa kuelekea.

MFANO WA HOSPITALI

Tuseme hospitali moja ya wilaya ina klasta yake. Mfano huu ni wa kufundishia tu. Kontena moja ni ya dirisha la kuandikisha wagonjwa. Nyingine ni ya dawa, nyingine ya maabara, nyingine ya malipo. Kutwa nzima makontena haya huzungumza yenyewe kwa yenyewe. Daktari akiandika dawa, kontena ya dawa hupata habari mara moja.

Lakini mara nyingine yahitaji kuzungumza na nje. Huuliza Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kama kadi ya mgonjwa ni hai. Huomba namba ya malipo ya serikali. Hupeleka hesabu za wagonjwa wizarani. Safari za nje ni hizo tatu tu.

Sasa, Kubernetes ikiachwa bila amri yoyote ya kuizuia, kila kontena yaweza kutuma habari popote duniani. Ni kama nyumba yenye vyumba ishirini, na kila chumba kina mlango wake wa kutokea barabarani. Nani atajua usiku kilichotoka? Ndiyo sababu fundi mwenye busara huweka proksi, akafanya kazi nne zifuatazo.

KAZI YA KWANZA: KUWAAMBIA WOTE MLANGO ULIPO

Fundi humpa kila mkaaji wa klasta anwani ya proksi. Huandika jina HTTP_PROXY, na jina la pili HTTPS_PROXY, kisha alama ya kuwa sawa, kisha anwani, kwa mfano http://10.20.0.5:3128. Hiyo 3128 ni namba ya dirisha ambalo proksi husikilizia.

Hapa ninyi mnaojifunza kuandika mtaona faida ya uangalifu. Nukta ikipotea, habari haifiki. Tena, programu nyingine husoma jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, na nyingine husoma la herufi ndogo tu. Basi fundi huandika yote mawili. Na kontena huyasoma maneno haya wakati inapoanzishwa. Fundi akiyabadili, lazima aianzishe upya, la sivyo itaendelea kushika maneno ya zamani.

KAZI YA PILI: KUTAJA WASIOPASWA KUPITA MLANGONI

Je, mtu akitaka chumvi kwa jirani wa ukuta mmoja, ataandika barua na kuipeleka posta? La. Atabisha hodi. Vivyo hivyo makontena ya nyumba moja hayafai kupitia proksi yanapozungumza yenyewe kwa yenyewe.

Kwa hiyo fundi huandika orodha ya tatu, iitwayo NO_PROXY. Ndani yake hutaja localhost na 127.0.0.1, maana yake «mimi mwenyewe». Hutaja pia mwisho wa majina ya ndani ya klasta, yaani .svc na .cluster.local, pamoja na namba za ndani.

Orodha hii ikisahauliwa, mambo huharibika kwa namna ya ajabu. Intaneti yafanya kazi, umeme upo, lakini dirisha la wagonjwa limekwama. Sababu yake ni nini? Kontena ya kuandikisha inaitafuta kontena ya dawa kwa kupitia proksi, na proksi haijui vyumba vya ndani. Foleni inazidi, na mama mwenye mtoto mwenye homa anangoja kwa ajili ya mstari mmoja ulioachwa.

KAZI YA TATU: KUJENGA UKUTA

Sikilizeni vizuri hapa, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapokosea. Maneno ya HTTP_PROXY ni maelekezo tu. Ni kama kibao kinachosema, «Piteni mlango huu.» Mgeni mwema atakitii. Mwizi hatakitii, atatoka dirishani.

Basi kibao hakitoshi. Lazima uwepo ukuta. Katika Kubernetes ukuta huu ni sheria ya mtandao. Kwanza fundi huandika sheria inayosema: kontena yoyote isitume kitu nje. Kisha hufungua matundu machache. Tundu la kwanza ni la kuuliza majina, dirisha namba 53, kwa sababu kompyuta hutafuta namba ya mwenzake kwa jina. Tundu la pili ni la kwenda kwa proksi. Na makontena ya ndani huruhusiwa kufikia yale yanayoyahitaji. Tena fundi ahakikishe kwamba programu ya mtandao ya klasta yake inazitekeleza sheria hizo. Ziko zisizozitekeleza, na hapo ukuta huwa umeandikwa katika karatasi tu.

KAZI YA NNE: KUMPA MLINZI ORODHA

Mwisho, proksi yenyewe hupewa orodha ya mahali panaporuhusiwa. Katika mfano wetu ni pale patatu: bima, malipo, wizara. Penginepo pote hukataliwa, na jaribio huandikwa katika daftari la proksi pamoja na saa yake. Habari za siri husafiri zikiwa zimefungwa kama barua katika bahasha. Kwa kawaida proksi huona zinakokwenda, haisomi yaliyomo.

Fundi mzuri huweka proksi mbili. Ikiwa iko moja tu, nayo ikazimika, nyumba nzima haiwezi kuzungumza na nje.

YALIYOTOKEA MWAKA 2021

Mwaweza kuuliza: «Mwalimu, kwani adui hatoki nje akaingia ndani? Kwa nini tulinde kutoka?»

Swali zuri. Mwezi Desemba 2021 ilitangazwa kasoro katika programu iitwayo Log4j, inayotumiwa na kompyuta nyingi sana duniani kuandika matukio ya kila siku. Kasoro hiyo iliitwa Log4Shell. Mwizi aliandika maneno fulani ya hila mahali popote kompyuta inapopokea maandishi. Kompyuta ilipoyaandika daftarini, ilidanganyika, ikatoka yenyewe kwenda kwenye kompyuta ya mwizi, ikamletea amri zake nyumbani, ikazitii.

Mmeona? Kompyuta yenyewe ilitoka kwenda kumwalika mwizi. Mahali palipokuwa na ukuta wa kutokea, safari hiyo ya kwenda kuchukua amri ilizuiwa. Ukuta huo haukuwa dawa kamili, na mafundi walilazimika kutengeneza kasoro yenyewe. Lakini aliyefunga mlango alipata nafasi ya kutengeneza kabla hajaibiwa.

HAKI YENU

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo humtaka anayekusanya habari za watu azilinde, na habari za afya ni miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi zaidi. Kwa hiyo mtu akiandika jina lako na ugonjwa wako katika kompyuta, unayo haki ya kuuliza kwa adabu: Habari zangu zinakwenda wapi? Nani anaziona? Huhitaji kuwa fundi ili kuuliza hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Proksi inafanana na mwenye sanduku la barua kwa mambo gani matatu?
2. Kwa nini kibao hakitoshi bila ukuta?
3. Orodha ya NO_PROXY ikisahauliwa, nani ataumia kwanza hospitalini?
4. Katika chama chenu cha ushirika, ni habari gani zinazopaswa kutoka nje, na zipi zisitoke kamwe?

Swali la nne kila mmoja aandike majibu yake daftarini, sentensi tatu au nne, kisha mwalimu wa darasa azisome. Kwaherini, na masomo mema.