Muhula Ukiisha na Maharage Yangali Shambani

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, ambako kibanja cha migomba na mibuni hurithiwa na mwana kwa baba yake, mtu aliyepungukiwa na ardhi hukodi kwa jirani kipande cha shamba kwa msimu, akakilipia ijara taslimu na kutia mbegu ya maharage. Na kwa kuwa mapatano hayo aghlabu hufanywa kwa mdomo mbele ya shahidi mmoja au wawili, hakuna aulizaye itakuwaje mvua ikichelewa. Basi ikichelewa, muhula hutimia na maharage yangali mabichi, na mpangaji hana budi kumwendea mwenye shamba kumwomba muda.

Ombi hilo ni zito katika sehemu hizi kwa sababu ya nyarubanja. Chini ya utaratibu ule wa enzi za wafalme, mtwarwa alikaa juu ya ardhi ya mtwazi, akamtolea sehemu ya mavuno na kazi ya mikono yake, na akikosana naye aliweza kuondoshwa pamoja na wanawe, akaiacha nyuma migomba aliyoipanda mwenyewe. Serikali huru iliufuta kwa sheria ya 1965, ikawapa watwarwa milki ya mashamba waliyoyalima, na mwaka 1968 sheria nyingine ikaifikisha hukumu hiyo kwenye ukodishaji wa kimila mahali pengine nchini. Naihesabu kazi ile kuwa insafu kubwa; lakini iliwaachia wenye ardhi khofu kwamba mpangaji akikawia atasema shamba ni lake, na ndiyo maana hata leo mwenye shamba humkataza kupanda mgomba, mbuni au mti wowote, akamruhusu mazao ya msimu peke yake.

Khofu hiyo imepita kiasi. Mahakama zetu zimekwisha kuamua mara nyingi kwamba aliyeingia kwa idhini hawezi kumnyang'anya ardhi aliyemkaribisha, hata akae miaka mingi. Na ile miaka 12 ya ukomo wa madai, ambayo watu huitaja sana, haimfai mtu akaaye kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Kwa hiyo aombaye wiki sita avune hadai milki ya mtu, na kumnyima, au kumfungulia ng'ombe shambani usiku, ni dhuluma iliyo wazi.



Lililo bora ni kuomba kabla ya muhula kwisha, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ikitajwa siku ya kuondoka na ijara ya siku za ziada. Na mwenye shamba akishaipokea ijara hiyo, asimfukuze mtu kabla ya siku waliyoafikiana. Wasipoelewana, Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 husuluhisha bila kuhukumu, ndilo la kuliendea kwanza; mbele yake kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye gharama na safari, ilhali maharage hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi, wala hayangoji tarehe ya shauri.