KUSHIRIKI KATIKA PROGRAMU HURIA: MAELEZO KWA ANAYEANZA

Miongoni mwa programu za kompyuta zinazotumika maofisini na majumbani, zipo zinazoitwa programu huria. Uhuria wake hauko katika bei, ingawa aghalabu hutolewa bure. Uko katika leseni, ambayo humruhusu kila mtu kuitumia programu, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuwagawia wengine alichokibadilisha. Mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Ufini, ni wa aina hii. Kadhalika LibreOffice ya kuandikia barua na kupangia hesabu, iliyoanza mwaka 2010; na DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, ambayo hukusanya takwimu za afya katika nchi nyingi, Zanzibar ikiwemo.

Wengi hudhani kuwa mlango wa kazi hii uko wazi kwa wataalamu wa msimbo pekee. Dhana hiyo si sahihi, na hasara yake huwafika wasemaji wa Kiswahili. Programu huria haingoji mfanyabiashara aamue kama lugha fulani ina soko. Hungoja watu wa kuifanya kazi. Mwaka 2004 lilitolewa toleo la Kiswahili la OpenOffice, likiitwa Jambo OpenOffice, kutokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Uswidi. Lakini programu haikai mahali pamoja. Kila toleo huja na maneno mapya, na asipopatikana wa kuyafasiri, maneno hayo hubaki kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili.

Kwa hiyo tafsiri ni pahala pazuri pa kuanzia. Mgeni hujiandikisha katika mtambo wa kutafsiria wa mradi (LibreOffice hutumia Weblate) na huletewa maneno moja moja, yakiwa yametolewa nje ya mahali pake. Hapo ndipo penye ugumu. Kiingereza kina neno moja tu la kueleza kitu kisicho cha zamani, nalo hutumika kwa kila kitu, Kiswahili hakikubali. Faili ni jipya, ukurasa ni mpya, kiungo ni kipya. Mfasiri asiyeifungua programu yenyewe na kuona neno limewekwa wapi, ataandika “mpya” kila pahala, na msomaji atajua mara moja kwamba aliyefasiri hakuangalia. Ikiwa neno hilo moja limetumiwa pahala pengi kwa pamoja, dawa si kubahatisha. Wasimamizi wa mradi waandikiwe na waombwe kuligawa kwa mujibu wa matumizi yake. Ombi hilo peke yake ni mchango, tena huzifaa na lugha nyingine zenye ngeli.

Alama kama %s na %d zilizomo ndani ya sentensi hazitafsiriwi wala hazifutwi, kwani hapo ndipo programu inapoweka jina au idadi. Ama kuhusu istilahi, kompyuta huitwa pia tarakilishi na ngamizi, na mabishano juu yake hayajesha; muhimu ni kushika neno moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kuangalia yaliyokwisha kukubaliwa na BAKIZA na BAKITA kabla ya mtu kujibunia lake.

Mchango wa pili ni taarifa ya kasoro. Kusema “programu imeharibika” hakumsaidii mtu. Taarifa itaje toleo la programu, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, hatua zilizofuatwa moja baada ya nyingine, lililotarajiwa na lililotokea. Kabla ya kuipeleka, iangaliwe kama hakuna mwingine aliyetangulia kuitoa. Watumishi wa umma wazingatie kwamba taarifa hizi aghalabu husomwa na dunia nzima. Picha ya skrini inayoonesha jina la mgonjwa, namba ya mshahara au barua ya siri ni uvujaji wa habari, hata kama nia ilikuwa njema. Itumike mifano ya kubuni.

Anayejua kuandika msimbo huanza kwa kusoma maelekezo ya mradi, kisha huchukua nakala, hubadilisha jambo moja tu, na kulipeleka likahakikiwe. Miradi mingi hutumia Git, chombo cha kuhifadhi historia ya mabadiliko kilichobuniwa na Torvalds huyo huyo mwaka 2005. LibreOffice imetenga kazi nyepesi kwa ajili ya wageni, na miradi mingine hufanya vivyo hivyo. Kazi ikirejeshwa na masahihisho haijakataliwa; hata wakongwe hurejeshewa.

Mchango ukikubaliwa hutolewa chini ya leseni ya mradi na haurudi kuwa siri. Mtumishi aliyeuandika kwa saa na vifaa vya ofisi, hapana budi apate kwanza idhini ya mkuu wake kwa maandishi.

Wahakiki wengi hujitolea baada ya kazi zao nyingine. Jibu likichelewa wiki mbili au tatu, ukumbusho mmoja wa maneno machache unatosha.