TAA MPYA NYUMBANI: UMEME KUKATIKA SI UMEME KUZIMWA



Ndugu zetu wanafunzi na wazee wetu, Mtume Muhammad (S.A.W.) ametufundisha kuzima taa tunapolala, kwa kuchelea panya asije akaburura utambi akawaunguza wenye nyumba. Leo utambi umeondoka, lakini panya bado yumo darini anatafuna waya. Kwa hivyo tumeona tuzungumzie jambo linalofanywa majumbani mwetu hapa Kiembe Samaki: kuongeza taa chumbani, pamoja na swichi ya kupunguzia mwanga ambayo huitwa dima. Usiku mtu huongeza mwanga akasoma msahafu, kisha akaupunguza mtoto akalala. Ni jambo zuri, likifanywa kwa usalama.

Kwanza tufahamu njia ya umeme. Majumbani mwetu una volti 230. Waya wa moto hutoka kwenye sakiti breka, hupita kwenye swichi, ndipo ukafika kwenye globu. Waya wa nyutro huurudisha. Waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na manjano, ni wa kinga. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi. Katika nyumba mpya ni kahawia na buluu. Lakini msiziamini rangi peke yake, kwani huenda fundi wa mwanzo alitumia waya aliokuwa nao.

Taa mpya huungwa kwenye njia ya taa zilizopo. Mzigo wake ni mdogo: breka ya ampia 6 hubeba takriban wati 1,380, na globu tano za LED za wati 9 hazifiki wati 50. Khatari zaidi ni kiungo kibovu, yaani waya zilizosokotwa na kuzungushiwa utepe juu ya dari. Kiungo kilicholegea hupata moto, na hewa yetu ya bahari huzidisha kutu. Viungo viwe kwa konekta, ndani ya boksi lenye kifuniko, panya asipafikie.

Dima hukaa mahali pa swichi, kwenye waya wa moto. Umeme wetu hupanda na kushuka mara 50 kila sekunde. Dima hukata kipande cha kila mpando na cha kila mshuko, mara 100 kwa sekunde, na jicho likaona mwanga umepungua tu. LED ya kawaida haiwezi hayo; humetameta na kufa mapema. Tafuteni globu iliyoandikwa "dimmable" kwenye boksi lake. Wala dima ya taa isitiwe kwenye feni.

Sasa lililo kubwa. Mara tatu mtu hudhani umeme haupo, kumbe upo.

1. Swichi imezimwa. Ikiwa iliungwa kwenye nyutro, taa huzimika lakini moto unabaki kwenye holda.

2. Dima imepunguzwa mpaka giza. Kupunguza si kukata.

3. Umeme umekatika. Unguja tunakujua kukatika kwa umeme: mwaka 2008 tulikaa karibu mwezi mzima gizani, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 karibu miezi mitatu. Lakini umeme uliokatika hurudi bila ya kubisha hodi, na jenereta iliyoungwa vibaya huweza kuuingiza kwenye waya hizo hizo. Aliye juu ya ngazi hapewi taarifa.

Kwa hivyo meni swichi izimwe kwa mkono, pabandikwe karatasi, na kila mtu nyumbani aambiwe asiiwashe. Kisha testa ijaribiwe kwanza pahala penye umeme, ijulikane kuwa ni nzima, ndipo ijaribiwe kwenye waya wa kazi.

Wanafunzi, kazi hii si yenu; aitwe fundi umeme anayejulikana. Mita na waya unaoingia kwenye mita ni mamlaka ya Shirika la Umeme (ZECO), asiiguse mtu. Yenu ni kumuuliza fundi kwa adabu: swichi iko kwenye moto? Viungo viko ndani ya boksi? Meni swichi umeizima? Allah (S.W.) ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu, na kuuliza ni katika kujikinga.

Wabillahi tawfiq.