Mashini Iliyofunikwa Imerudi Kazini



Katika nyumba nyingi tunazotembelea, mashini ya kushona ipo. Imewekwa pembeni, imefunikwa kitambaa, na juu yake kuna redio na sahani. Bibi zetu wengi walijifunza kushona wakati wa Wabelgiji, katika nyumba za mafunzo zilizoitwa foyer social. Sisi tukazoea nguo za chaguwa, na kikwembe tunapeleka kwa fundi, kisha tunangoja.

Kungoja huko tunakujua wote. Harusi ni siku ya posho, fundi anasema "rudi kesho", na libaya linapofika halifungi kifuani.

Mwaka jana mama mmoja wa kikundi chetu alitaka kuuza mashini ya marehemu mama yake. Mwezi wa tisa ulikaribia, masomo yanafunguliwa, na watoto wake watatu hawakuwa na sare. Tulimwomba avumilie juma moja. Tukaifungua ile mashini, tukatoa vumbi na nyuzi za zamani, tukatia mafuta, tukabadilisha sindano na mkanda. Ikazunguka!

Alipotandika kitambaa cha bluu mezani, mikono ilimtetemeka. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Basi tukamletea shuka kuukuu, akakata humo sketi ya kwanza. Upande mmoja ulishuka kuliko mwingine. Tulicheka naye, akafumua, akarudia. Ya pili ilikaa vizuri, ndipo akagusa kile cha bluu.

Masomo yalipofunguliwa, mashati matatu meupe, sketi mbili na suruali moja vilikuwa tayari. Zipu ya suruali ilitushinda, tukamwendea fundi wa jirani, naye akatuonyesha. Msichana mdogo alizunguka uani akitia mikono mifukoni: mama alimwekea mifuko miwili, kama alivyoomba. Mashini haikuuzwa.

Tangu hapo wengine wetu tumeanza pia. Haya ndiyo tuliyojifunza:

Fua kitambaa cha pamba kwanza na ukikaushe, kwa sababu kinaweza kurudi ndani kikipata maji. Ukikishona kabla, nguo itabana baadaye.

Kata umbo kwenye karatasi kabla ya kitambaa. Kama huna chaki, kipande cha sabuni kikavu kinachora vizuri, na alama yake inatoka ukifua.

Acha sentimita 2 pembeni kwa ajili ya mshono. Kwa nguo ya mtoto, acha upindo mpana chini. Akirefuka, unafumua na kushusha.

Kipande cha kikwembe cha yadi 6 ni kama metri 5 na nusu. Usianze nacho. Anza na foronya, kisha sketi ya kiuno cha lastiki, na libaya baadaye. Mabaki usitupe: yanatosha kitambaa cha kichwa au mfuko wa soko.

Haraka haraka haina baraka. Nguo yako ya kwanza itakuwa na kasoro, lakini kasoro hiyo unaijua ilipo, na unajua kuitengeneza. Hiyo ndiyo furaha tuliyokuwa tumeisahau.

Mama, ondoa ile redio juu ya mashini. Njoo kwenye mkutano wetu na makasi, metri na shuka kuukuu. Asiye na mashini naye aje. Tutashona kwa zamu.