Skii Zilipopanda Kibo

Alfajiri pale Illasit, mpakani mwa Kenya na Tanzania, Mlima Kilimanjaro huwa haujajifunika bado. Vijana wa bodaboda wanaongoja abiria wa kuvuka kwenda Tarakea, upande wa Tanzania, wamevaa jaketi juu ya jaketi, na juu ya mabati ya maduka kilele cha Mawenzi kinachomoza meno yake, kile cha Kibo kikimeta nyuma. Mgeni asiyeamka mapema asubiri kesho: jua likishapanda, mawingu hufunga pazia.

Katika milima ya Alps, Ulaya, mgeni huchagua msimu wake. Akipenda kuteleza huenda Januari, akapandishwa na viti vinavyoning'inia kwenye nyaya. Akipenda kutembea huenda Julai, theluji ikiwa imeyeyuka na ng'ombe wako malishoni. Kilimanjaro, karibu na ikweta, tofauti kubwa ya joto si ya mwezi na mwezi bali ya mchana na usiku. Kiangazi na kipupwe hupokezana zamu kila siku. Mlobelia, mmea wa huko juu, umeshazoea: majani yake hushika maji kama bakuli, usiku maji yanaganda juu, na chipukizi lililo chini linasalimika. Asubuhi barafu inayeyuka, kazi inaanza upya.

Skii nazo zimewahi kufika. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda hadi kilele cha mita 5,895, wakateremka kwa skii. Wakati huo barafu ya mlima ilikuwa imetanda zaidi ya kilomita 11 za mraba. Kufikia 2011 hazikubaki hata 2. Furtwängler ameachiwa jina kwenye kipande cha barafu karibu na kilele, nacho kinaisha.

Mkenya anayetaka kuteleza kwa kweli hana budi kusafiri mbali. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, alikulia Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang. Kutoka minazi hadi theluji!

Kwa anayetokea Illasit, njia ya karibu ni ya Rongai, inayoanzia Nalemoru, ng'ambo ya mpaka. Upande huu wa kaskazini hupata mvua kidogo kuliko kusini. Hata hivyo wengi hupanda Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba. Yaani Alps theluji huita wageni wa kuteleza. Hapa, masika yakiipaka Kibo nyeupe hadi mabegani, wageni ndipo wanapopungua.

Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilisema inafikiria kuweka magari ya kwenye nyaya mlimani. Wapagazi na waongoza wageni wakapinga: nani atawahitaji? Mahema, vyakula na mtungi wa gesi bado vinapanda kichwani na mabegani mwao, na kwenye vituo vya lango mizigo hupimwa, isizidi kilo 20 kwa mpagazi.