Kilimia na Moshi Wake

Ndugu msikilizaji, leo nataka nikusimulie ubishi wangu na mjomba wangu, mvuvi wa Matema, wilayani Kyela, kwenye pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Tulibishana juu ya picha, na nakiri mapema kwamba nusu ya ubishi huo nilishindwa.

Mwezi wa 9 nilikuwa huko likizo. Wakati huo mvua bado hazijaanza, na ikifika saa kumi alfajiri Kilimia kiko juu, upande wa kaskazini. Kilimia ni kile kikundi cha nyota ambacho wazee walikitazama ili kujua majira ya kulima. Macho matupu huona nyota sita au saba. Yasichokiona ni vumbi jembamba sana linaloelea kati ya nyota hizo na kung'aa kwa mwanga wa nyota zenyewe. Wataalamu huliita nebula.

Nilipiga picha, nikazishughulikia kwenye kompyuta, kisha nikampelekea mjomba. Akatazama, akatikisa kichwa. "Mpwa wangu, Kilimia nakijua tangu utoto. Huu moshi umeuchora wewe."

Nikamwambia, "Hapana, mjomba. Moshi upo, ila nyota zinatutia kiwi." Yeye mwenyewe anajua. Ukiitazama karabai usoni, huwaoni wadudu wanaoizunguka. Ukiikinga kwa kiganja, wote wanaonekana.

Lakini nyota haikingiki kwa kiganja. Kwa hiyo fikiri kamera ni ua uliojaa ndoo ndogo, na mwanga ni mvua. Sisi watu wa Kyela mvua tunaijua. Nyota ni mvua ya masika: ndoo zilizo chini yake hujaa mara moja na kufurika, na ndoo iliyofurika haisemi tena mvua ilikuwa kiasi gani. Nebula ni manyunyu, inataka kusubiriwa. Ukisubiri manyunyu, nyota zinafurika. Ukiwahi kuzuia kufurika, manyunyu hayajafika.

Dawa yake ni kupiga picha za aina mbili. Nilipiga 64 za dakika moja moja kwa ajili ya vumbi, kamera ikizungushwa polepole na mota ili ifuate nyota. Kisha nikapiga nyingine za sekunde tano kwa ajili ya nyota zenyewe. Zile 64 kompyuta inazipanga nyota juu ya nyota na kutafuta wastani. Chenga, kama zile za televisheni, hupungua hadi sehemu moja ya nane, kwa sababu chenga hubadilika kila picha, bali vumbi halihami. Baada ya hapo naongeza nuru sehemu za giza, nyota nikiwa nimezifunika ili zisivimbe, na mwisho katikati ya nyota naweka zile picha fupi. Hakuna nilichochora.

Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kidole juu ya nyota moja. "Na hili duara? Hii ni karabai kwenye ukungu."

Hapo ndipo nilipokwama. Kila nyota kubwa ilikuwa na duara la mwanga, nami nilikuwa nimelisifia kuwa ni nebula. Alfajiri iliyofuata nikaipiga picha Aldebaran, nyota kali jirani na Kilimia, ambayo haina vumbi la namna hiyo. Nikaikuta na duara lile lile, tena kubwa zaidi. Lilikuwa ni unyevu wa ziwa kwenye lenzi pamoja na mwanga unaorudishwa na vioo. Duara lililoizunguka kila nyota kwa namna moja ni la kamera. Vumbi la kweli halina ustaarabu huo: limechanika, limelalia upande mmoja.

Ubishi huu si wetu tu. Mwaka 1859 Mjerumani Wilhelm Tempel, akiwa Venice, aliona kwa darubini utando karibu na nyota ya Merope katika Kilimia. Wengine wakatazama wasiuone, wakabisha kwa miaka. Mwaka 1885 ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walipiga picha iliyoonyesha utando mwingine karibu na nyota ya Maia, ambao hakuna jicho lililokuwa limeuona. Mwaka 1912 Vesto Slipher wa Marekani aliuchambua mwanga wa utando wa Merope akakuta unafanana na mwanga wa nyota zenyewe. Basi utando hauwaki. Ni vumbi linalomulikwa. Nyota ile ile inayotuzuia kuliona ndiyo inayolifanya lionekane.

Siku hizi kila mwenye simu anaweza kurekebisha picha, na wengi wetu tumekata shauri kwamba picha iliyorekebishwa ni uongo. Mimi nasema tuulize maswali mawili: aliyeirekebisha ametoa kilichokuwemo au ametia kisichokuwemo? Na je, ameitunza picha ya kwanza ili mwingine aipime?

Picha ya pili nilimpelekea mjomba pamoja na zile ambazo hazijaguswa. Maduara nimeyaondoa, moshi nimeuacha. Akazitazama kwa muda mrefu zaidi ya mara ya kwanza, akasema, "Haya. Huu nauamini."

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.